Wazaliwa wa Januari Mosi

Kakuma, 3 Machi 2025

Mwanangu Benita,

Salamu nyingi kutoka huku kambini. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua. Wewe je, joto la Lodwar halijakumaliza? Unakula?

Daftari la parokia limejaa: watu mia mbili na kumi na wanne, wanaotafuta ndugu na wanaotafutwa. Lokwang dereva atakuletea. Wa kwanza nimemwandika dada yangu, shangazi yako Caritas Nizigama. Ni miaka kumi tangu tupotezane mpakani, na bado namgeukia kila mwanamke mrefu anayepita. Tovuti yako hiyo ya kutafutana ndiyo tumaini langu lililobaki.

Uliniuliza tutawatofautishaje wenye majina yanayofanana. Tumia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi za kambi. Msikilize baba yako, nilikuwa karani kabla hujazaliwa.

Baba yako

Lodwar, 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na nakula, usianze.

Seva imewaka! Ni kompyuta ya mitumba, imekaa mezani chumbani kwangu Nawoitorong, betri ya sola pembeni umeme ukikatika. Kazi yake ni kukaa macho na kumjibu kila anayefungua tovuti. Nyuma yake iko hifadhidata, yaani daftari lako, ila hili linajipekua lenyewe. Nimeiamuru: jina na tarehe vikifanana, huyo ni mtu mmoja, wa pili akataliwe. Majina yako nimeyaingiza yote kwa mkupuo. Sasa yeyote anaweza kujiandikisha kwa simu, kwa hiyo tangazeni makanisani mpaka kambi jirani ya Kalobeyei. Usiwe na wasiwasi, nimeijaribu mara ishirini.

Binti yako

Kakuma, 25 Machi

Benita,

Hujambo? Mimi sijambo, ila napigiwa kelele.

Ayen, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai karibu na kanisa, alinijia na simu mkononi. "Baba Benita, hii kitu inasema mimi nimeandikwa tayari. Nani ameandika mimi?" Tukatafuta. Aliyeandikwa ni Ayen mwingine kabisa. Nikalinganisha daftari zima na tovuti: kati ya watu wetu mia mbili na kumi na wanne, wanaoonekana ni mia moja na tisini tu!

Ndipo nikakumbuka, na nikaona aibu. Siku ya kuandikishwa kambini, asiyejua siku yake ya kuzaliwa aliandikiwa Januari mosi. Hao ni nusu ya kambi, mwanangu. Hata mimi nimo. Hata shangazi yako nimemwandika hivyo hivyo. Mwaka wake naujua, siku siijui. Ushauri ulikuwa wangu, nakubali, lakini mtoto aliyekulia hapa alipaswa kunikatalia. Rekebisha.

Baba yako

Lodwar, 27 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimekupigia tangu asubuhi, simu umeizima tena, na Lokwang anapiga honi nje. Naandika upesi.

Nimerekebisha. Kila mtu anapewa namba yake, kisha anaulizwa jina la mama na mahali alipozaliwa. Waliokataliwa hawakupotea, kwa sababu seva huweka kumbukumbu ya kila aliyebisha hodi. Nilikuwa nawarudisha mmoja mmoja. Kuna mwanamke wa Kalobeyei alijaribu mara tatu, na mara tatu tukamwambia ameshaandikwa. Caritas Nizigama, Januari mosi, mwaka ule ule. Aliyemzibia nafasi ni yule uliyemwandika wewe.

Aliacha namba ya simu, nikampigia. Nilimuuliza jina la mama yake, akamtaja bibi, mama yako. Nikamuuliza mahali alipozaliwa, akakitaja kilima chenu cha nyumbani, kisha akauliza mimi ni nani, nikamwambia huku nalia kwamba mimi ni binti wa kaka yake. Baba, Kalobeyei hapo hapo! Washa simu!

Binti yako

Kakuma, 30 Machi

Benita wa kaka yangu,

Hujambo, mwanangu? Mimi ni mzima, mzima kabisa. Naandika mimi kwa sababu baba yako hawezi kushika kalamu. Tangu juzi ameushika mkono wangu na hauachii, hata wakati wa kula. Ananiuliza kama nakula vizuri. Amekuwa mzee, lakini kelele zake ni zile zile.

Tovuti yako iliponikataa nilikasirika sana. Nilidhani ni ofisi nyingine tena inayonifukuza mlangoni, na mara ya tatu nilirudi kwa ukaidi tu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeniandika kabla sijafika.

Shangazi yako