Mota ya Kiyoyozi, Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 7 Julai
Nimefungua ghala Al Ras kama kila siku. Nisipofungua mimi, Dubai nzima haipiki biriani. Wenyewe wanajua. Bizari, iliki, mdalasini, vyote vinapita chini ya pua yangu kwanza.

Nimerudi nyumbani Al Warqa, nakuta joto. Mashine ya nje inanguruma, ndani hewa haitoki. Kiyoyozi ni kimoja kwa nyumba nzima. Nikafungua kifuniko cha dari. Mota ya feni imeungua, inanuka. Fundi kaja, katazama kidogo, kataja bei ya kununulia ng'ombe na ndama wake. Nikamwambia khalas, basi, nenda zako. Naibadilisha mwenyewe. Mtu aliyewahi kuwasha jenereta ya mtaa mzima kwa kijiko cha chai hashindwi na mota.

Rukia, mke wangu, kauliza, "Jenereta ile ile, au nyingine?" Nikaenda kutafuta bisibisi.

Jumanne, 8 Julai
Mkwe hakulala. Bi Zuhura, mama yake Rukia. Mtu mzima, kifua kinambana. Asubuhi nimemkuta chini, juu ya marumaru, kanga imelowa jasho. Kasema kwa upole kwamba Ijumaa baada ya sala Hamadi atamfuata, akakae kwake Sharjah mpaka joto lipungue.

Hamadi ni mwanyumba wangu, kamuoa mdogo wake Rukia. Nyumba yake baridi kama friji. Akimchukua Mkwe, atalisema hilo kila harusi mpaka tufe.

Haendi mtu. Nimeapa.

Jumatano, 9 Julai
Nimepita Deira, duka la vipuri. Mwenye duka kauliza, "Inazunguka kulia au kushoto, arbab?" Arbab, yaani bosi. Nyuma yangu foleni. Nikasema kulia. Mshale niliuona kwenye mota ya zamani. Kauliza tena, kulia ukiitazama kutoka wapi? Nikacheka. Nikamwambia kulia ni kulia, kwetu na kwenu. Foleni nzima ikacheka. Nimetoka na mota mpya, kifua mbele.

Jioni yote juu ya ngazi. Nimezima swichi kubwa. Skrubu moja imegoma mpaka nikaitukana. Vidole vimechubuka. Nimefunga, nimewasha. Inazunguka! Kimya kama mwizi. Hapo hapo nimempigia Hamadi, asijisumbue.

Alhamisi, 10 Julai
Hewa inatoka, lakini ni pumzi ya mgonjwa. Nimeshika karatasi mbele ya tundu. Haikutikisika.

"Sudi baba," Mkwe kaniambia, "huu upepo wako una haya."

Rukia kacheka mpaka kakaa chini. Nikasema mota mpya lazima izoee. Nikarudia. Nilijua ni upuuzi.

Baada ya magharibi Mkwe kaanza kukunja kanga zake, mbili mbili, anazipanga kwenye sanduku. Kampigia Hamadi yeye mwenyewe. Nimechukia. Sijui nimemchukia nani.

Ijumaa, 11 Julai
Ghala limefungwa. Nimepanda ngazi mapema. Leo ama mimi ama mota.

Nimefungua gamba la feni, nimelitazama gurudumu lake. Lina mapezi madogo mengi, kila moja limepinda kama upawa. Nikalizungusha kwa kidole upande ule mota inakolipeleka. Mapezi yakaja kwa mgongo. Mgongo! Nani anachota mchuzi kwa mgongo wa upawa? Mota inazunguka kinyume.

Nikaiokota ile ya zamani. Mshale wa kulia upo, umechorwa kwenye kitako cha mota. Gurudumu linafungwa upande wa pili. Ukihamia huko, kulia inakuwa kushoto. Yule bwana wa dukani kaniuliza swali la maana, mie nikamjibu kwa mdomo.

Mota mpya ilikuja na karatasi ya maelezo. Niliitupa. Nimeitoa kwenye taka, inanuka vitunguu. Picha inaonyesha: ubavuni kuna plagi ndogo, ukiigeuza, mota inageuka. Nimezima umeme, nimehakikisha. Nimechomoa, nimegeuza, nimechomeka.

Nimewasha. Pazia limeruka! Vumbi la miaka limenimwagikia usoni. Mkwe kapiga vigelegele, sanduku liko miguuni pake.

"Mashallah! Mwambieni Hamadi aje kunywa kahawa tu, arudi zake!"

Hamadi kaja, kanywa kahawa, kaomba koti. Sawa, hakuomba koti. Lakini alijikunyata, nimemuona. Kaondoka peke yake.

Jumamosi, 12 Julai
Nyumba imetulia. Kanga za Mkwe zimerudi kabatini.

Wote nimewaambia kwamba nilipigania kifua chake. Kifua nacho kimo, sikatai. Lakini Rukia husinzia nikifika katikati ya hadithi, na watu wa ghalani hujitia wanapigiwa simu. Mkwe peke yake huuliza, "Ikawaje?" Ndiyo sababu niliiogopa Sharjah. Mtu mzima mimi, mwenye mvi zangu.

Leo alasiri nimemsimulia siku nilipomkimbiza simba. Baridi ikamletea usingizi, kalala kabla simba hajafika. Nikamalizia peke yangu, kwa sauti ndogo.