Habari Ulizompa Mgeni

Baba, shikamoo.

Arubaini yako imepita na bado nimekukasirikia. Watu wananiambia nikuombee dua. Nakuombea kila sala, kisha nikishakunja msala hasira inarudi pale pale.

Unamkumbuka yule mtu wa gari nyeupe? Alikuja hapa mjini kwetu Ibra akasema ni rafiki wa kaka Nassor, wamesoma pamoja. Ukamkaribisha sablani, baraza letu la wageni, ukamlisha tende, ukammiminia kahawa. Alipotikisa kikombe kuwa ametosheka, ukafanya walivyofanya wazee wako: ukampa habari zote. Mvua, maji ya mfereji wa falaji, harusi ya binamu Maryam, mwisho Nassor. Kwamba anaandika habari za Wakurdi wanaoonewa katika nchi isiyo yake, analiuzia gazeti lolote litakalonunua, na amepanga kwa fundi cherehani mmoja. Mgeni akauliza, mji gani? Ukaniita nilete bahasha ya barua yake, maana macho yako yalikuwa hayaoni tena. Na mimi mjinga nikasimama mlangoni nikaisoma anwani kwa sauti!

Alipoondoka nilikwambia yule hata jina la skuli hakulijua, tumpigie Nassor simu ahame. Ukanikatiza: "Aibu, mwanangu. Mtu kesha kula kwangu, leo nimfanye jasusi?" Ukaifunga simu ya mezani kwa kufuli, ufunguo ukautia mfukoni mwa dishdasha yako.

Wiki ya pili askari wa serikali ya huko wakavunja mlango wa fundi. Nassor alikuwa sokoni, akaponea hapo. Wakamchukua fundi. Habari ilipotufika, siku ya nne yake moyo wako ukasimama. Umekimbia, Baba. Nasema hivyo huku nalia, lakini nasema.

Jana Nassor alipiga, mara ya kwanza tangu ajifiche. Nilimwambia umetutoka. Akasoma Innalillahi. Kisha akasema asubuhi ya leo anakwenda kujisalimisha ili fundi arudi kwa watoto wake. Akauliza ni nani aliyeitoa anwani. "Huyo simsamehe, Zuweina. Duniani wala akhera."

Na wewe uko huko tayari! Ningefanyaje? Nikamwambia ni mimi. Akakata simu.

Nakuahidi hivi. Nassor akitoka salama nitamweleza yote, na nitamwomba radhi, yako na yangu. Fundi pia nitamwandikia, hata asiponijibu. Lakini wakimpoteza Nassor humo gerezani, atakuwa amekufa akimchukia dada yake kwa ajili yako, na hilo utanijibu mwenyewe siku tutakayokutana.

Kwa heri, Baba. Mwenyezi Mungu akusamehe. Mimi bado.

Mwanao,
Zuweina