Bakuli la Bi Mwanaesha

Mbwajumali, Jumatano, Mfungo Tano, 1327

Haya bado haijanitoka. Watu wa hapa wamenipa chumba na heshima kwa kuja kutoka Unguja kuwasomeshea watoto bila malipo, nami leo nimewalisha chumvi.

Jana jirani yangu, Bi Mwanaesha, aliniletea samaki. Bakuli la mtu halirudi tupu, basi leo nikawasha moto kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikapika wali wa nazi, nikatia chumvi kama atiavyo mama, nikampelekea kabla sijaonja. Niliporudi kula wangu... haukulika. Maji ya kisima cha hapa yenyewe yana chumvi, nami huyanywa kila siku.

Alasiri akabisha hodi. Nilitamani kujificha.

"Mwalimu, wali tumeula," akasema. "Ila mwanangu, hapa munyu hatutii. Kisima chatutosha."

Akaniachia bakuli lile lile, limejaa maji ya mvua kutoka mtungi wake. Na mvua yenyewe hatujaiona tangu nije.

Nimeonja funda moja tu. Mengine nimeyafunika, ya wali wa kesho. Naogopa nitauharibu tena, lakini bakuli lake liko kwangu.