Kibuyu cha Mama Ngassa

Mombasa,
28 Desemba 1936

Binti yangu Mwahija,

Nakuomba radhi kwa kukaa kimya miaka minne. Udhuru sina. Natumaini u mzima, pamoja na mumeo Ngassa, na mtoto ambaye nasikia mmempa jina la marehemu mama yako, Zuwena. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Nipo Mombasa nikingojea meli ya Jidda, niende kuhiji. Mji huu una haraka. Jana mchukuzi alinipiga kikumbo, kisha akanigombeza mimi: "Mzee, hapa njiani, si msikitini!" Meli nilizoziona Kilindini ni ndefu kuliko stesheni ya Isaka.

Kabla ya kuondoka Kahama nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama impasavyo mwenye safari ya Makka. Hata Masele, niliyekuwa nikimchapa shuleni, alinijibu, "Nimekusamehe, Mwalimu. Mgongo ndio bado." Hapa shekhe aliyetupokea akaniuliza kama nimebakiza mtu. Nikajibu kwamba sikubakiza. Nilisema uongo, Mwahija. Nilikubakiza wewe.

Meli itaondoka tarehe 25 Januari. Nijibu kabla ya siku hiyo.

Baba yako,
Akida bin Abdu

Rwamgasa,
9 Januari 1937

Baba,

Shikamoo. Ngassa alikuja na barua yako kutoka mgodini ameishika kama yai. Sote wazima. Zuwena anatembea, na ni mbishi kama babu yake.

Mimi nilikusamehe zamani. Lakini hukunikosea mimi peke yangu. Siku ile ulipokuja kwa kina Ngassa kuzuia ndoa, mama yake alipiga magoti akakupa maji kwa kibuyu. Ukasema hunywi maji ya nyumba isiyoswali. Alikitundika kibuyu kile ukutani, na hajampa mgeni mwingine maji kwacho hadi leo.

Nimemwomba akusamehe. Akacheka: "Ng'wana wane, mwanangu, maji hayanywewi kwa barua. Aje anywe." Ngassa anasema uende zako Makka, mama yake ana maneno. Ila Mama Ngassa kifua kinambana tangu mvua zianze, na sasa haendi tena kisimani.

Mwanao,
Mwahija

Mombasa,
23 Januari 1937

Mwanangu Mwahija,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari zenu, ila kifua cha Mama Ngassa kimenitia huzuni.

Meli imefika. Nimekwisha kuchanjwa na cheti ninacho. Nilimsomea shekhe barua yako nikidhani atanitafutia aya. Akauliza tu, "Kutoka hapa hadi Rwamgasa ni siku ngapi?" Nikamwambia sita au saba. "Na wewe una umri gani?" Sabini na mmoja. Akanimiminia kahawa.

Nimekaa hapa karibu mwezi mzima, nikinywa maji ya kila muuzaji njiani, wala sikumwuliza hata mmoja kama anaswali.

Nikipanda meli keshokutwa, huenda nisimkute Mama Ngassa nitakaporudi. Nikirudi kwenu sasa, huenda nisiione Makka maishani mwangu. Mwambie akishushe kibuyu, akioshe, akiweke karibu na mtungi. Kama si mwezi huu, ni nikitoka Makka. Lakini maji yale nitayanywa, nami nitakuwa nimepiga magoti, haya haya mabovu.

Bado sijaamua. Siku nitakayoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako,
Akida