Uji wa Ishiara

Kwa Kawira mjukuu wangu,

Sisi hapa Githongo tuko wazima. Nyanya yako yuko shambani anachuma kahawa, na amesema nikuambie ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Unauliza kama kuna faida kuyapanga mafundisho ya imani sura baada ya sura, jinsi mnavyofanya huko chuo cha theolojia, au ni maneno tu. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, nilitumwa Ishiara kuhubiri. Mwaka huo mvua ilikuwa imekosa. Nikafundisha neema kwa vichwa vyake vyote: hutolewa bure, hailipwi, hakuna anayeistahili.

Baada ya ibada, mama mmoja mzee akanikaribisha kwake, akanimiminia uji wa mtama kutoka kwa kibuyu. Nikaona uji wote wa kibuyu umeishia kwa kikombe changu, yeye hakubaki na kitu. Nikamwambia nimeshiba.

Akakisukuma kikombe karibu nami. "Mwalimu, umetuambia neema hupokewa hata na asiyestahili. Sasa mbona wewe unakataa uji?"

Nilikunywa wote, na mpaka leo sijakunywa uji mtamu kama ule.

Yule mama namshukuru kila siku. Walimu wangu nawashukuru pia, maana somo lile ndilo lililompa neno la kunijibu. Kwa hiyo soma, Kawira, na upange vizuri. Hujui ni nani atakurudishia somo lako siku una njaa na unajifanya umeshiba.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.