Alama kwenye Paja la Ng'ombe

Ijumaa, tarehe 26 Desemba. Kang'ata.

Mawingu yamekaa juu yetu tangu asubuhi na hayanyeshi. Nimekaa nyuma ya jiko, mahali pekee hapa nyumbani ambapo mtandao unashika. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo sitazunguka.

Majina ya watu wote humu nimebadilisha, isipokuwa langu. Naitwa Mwajabu. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Na kuna mtu amevunjwa mkono kwa sababu ya katuni niliyochora.

Wachache mnaopita hapa mnaikumbuka, maana niliweka kurasa mbili mwanzoni mwa mwezi. Baada ya mtihani nilikwenda Korogwe kwa mama mdogo, anakaa Kwamndolwa. Ana duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi na alitaka mtu wa kumsaidia msimu huu wa kadi za Krismasi. Siku moja aliniona nachora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Akasema nichore kitabu kizima, cha shujaa, cha Krismasi, yeye atatoa fotokopi na kubana pini tuone kama watoto watakipenda. Sijawahi kufurahi kama siku ile.

Mimi ni Mwislamu lakini Krismasi naijua. Tangu kidato cha kwanza naila kwa Nasieku, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka minne. Kwao ni Wamaasai, wafugaji, wanasali kanisani. Boma lao liko upande wa nyika, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Sikukuu ya Idi mama yangu huwapelekea pilau, Krismasi mama yake Nasieku hutuletea nyama, na bakuli ni lile lile moja la bluu linalokwenda na kurudi. Hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani.

Katuni yangu inaitwa Binti Mkesha. Ni msichana wa umri wangu anayepata nguvu siku moja tu kwa mwaka, siku ya kuamkia Krismasi. Anaweza kubeba kitu chochote kichwani kama tunavyobeba ndoo ya maji: nyumba, lori, kilima. Mikono inabaki huru kwa ajili ya kupigana. Adui yake ni Jitu Vumbi, anayekuja na kundi la ng'ombe wakubwa kuliko miti. Ng'ombe wanakula mahindi yote ya kijiji, halafu wanakula nguo mpya za sikukuu zilizoanikwa kwenye kamba. Watoto wa Kwamndolwa walicheka sana hapo. Walinisomea kwa sauti pale dukani, nikajificha nyuma ya mashine.

Binti Mkesha hasemi neno hata moja kitabu kizima. Mama mdogo aliniuliza kwa nini, nikasema sijui. Nilikuwa najua. Nilimpa ngumi, sikumpa mdomo, kwa sababu mimi mwenyewe nikiulizwa swali darasani nilikuwa natokwa jasho mpaka daftari linalowa.

Sasa nifike kwenye kosa.

Siwezi kuchora kitu nisichokiona. Ng'ombe wa Jitu Vumbi niliwatoa kwenye daftari langu la zamani, ambalo lilijaa ng'ombe wa baba yake Nasieku. Ukurasa wa sita ni ng'ombe mmoja tu, ukurasa mzima. Nilipomaliza niliona kuna kitu kimepungua, alikuwa kama ng'ombe wa kwenye pakiti ya maziwa. Nikakumbuka alama. Kila familia ya wafugaji ina alama yake, inayochomwa kwa chuma cha moto. Ya kwao ni duara lenye mstari katikati na nukta mbili chini. Nikaiweka pajani, na ng'ombe akawa hai.

Nilijipongeza kwa ile alama.

Tena, Jitu Vumbi nilimvalisha shuka begani na kumpa fimbo. Nimekuwa nikijiambia kwamba ni kwa sababu shuka lina mikunjo na napenda kuchora mikunjo. Lakini kanzu nayo ina mikunjo. Kwa nini sikumvalisha kanzu?

Nilituma nakala mbili nyumbani kwa wadogo zangu. Wiki hiyo hiyo ng'ombe waliingia shambani kwa Mzee Semkuya, mchana, wakati kijiji kizima kilikuwa msibani. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele. Hakikubaki kitu. Hakuna aliyeona ng'ombe wala mchungaji, zilibaki nyayo na mavi.

Siku mbili baadaye wadogo zangu waliisahau katuni kwenye benchi wanapokunywa kahawa wazee. Mtu mmoja akafungua ukurasa wa sita.

Haya nimeyajua baadaye. Mimi nilichojua ni kwamba Jumamosi baba alinipigia simu. Baba yangu ni mkulima na anafundisha madrasa, watu wanamwita Maalim. Hajawahi kutazama michoro yangu. Hajawahi kunikataza pia, ila nikichora hupita kama mtu anayepita karibu na mtu aliyelala. Nikamwamkia, akaitika, halafu akauliza:

"Hii alama uliyochora kwenye ng'ombe, ni ya ng'ombe wa nani?"

Nikasema, "Ya baba yake Nasieku."

"Una hakika?"

"Ndiyo baba. Nimeinakili vile vile."

Akasema basi, sawa, nisalimie mama yako mdogo. Akakata.

Nilisimama pale na simu mkononi nikitabasamu peke yangu. Baba kasoma katuni yangu. Kasoma mpaka ukurasa wa sita, kaona na alama. Nilimsimulia mama mdogo, tena mara mbili.

Kesho yake, Jumapili, wanaume walikwenda bomani kwa kina Nasieku. Walichukua ng'ombe watano. Baba Nasieku alisimama kwenye lango la zizi, akapigwa rungu la kiwiko.

Nilifika Kang'ata Jumatano. Mama jirani alinipokea begi, akamwita mwenzake: "Shahidi wetu huyo kaja." Sikuelewa. Nilipopita kwenye benchi la kahawa, mzee mmoja aliinua kikombe na kusema, "Huyu haongei, lakini akichora kamaliza kesi." Wakacheka, wakanipisha njia kama mtu mkubwa. Mzee Semkuya alinishika kichwa na kuniombea dua.

Nitaandika ukweli wote. Kwa muda wa kutoka benchini mpaka nyumbani kwetu, nilifurahi. Sikujua wanazungumzia nini, lakini nilifurahi kwamba kuna watu wananijua.

Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia nikiwa navua viatu. Baba alisimama mbele ya watu na kusema mwanangu hana tabia ya kubuni, kachora alichokiona. Na watu wakakubali kwa sababu ni kweli, mimi sisemi ovyo. Ukimya wangu wote wa miaka kumi na saba ulikusanywa ukafanywa ushahidi. Hakuna aliyejiuliza ningeonaje ng'ombe shambani Kang'ata wakati nilikuwa Korogwe. Wengine walisema lazima niliwaona siku nyingine, kabla sijaondoka.

Viatu sikuvivua. Lakini sikwenda popote. Nilikaa kitandani navyo.

Jana ilikuwa Krismasi. Mama aliweka bakuli la bluu mlangoni likiwa na mchele ndani, akarudi jikoni. Lilikuwa kwetu. Nikalibeba.

Bomani nilimsikia ndama kabla sijaona watu. Mama yake ni mmoja wa wale watano. Analia tangu Jumapili, sauti imeshaharibika, inatoka kama mlango unaokwaruza. Baba Nasieku alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa plasta, na wageni wa sikukuu hawakuwepo. Nilimwamkia. Alichelewa kidogo, kisha akaitika.

Mama yake Nasieku alinimiminia chai. Miaka yote nimekunywa pale chai ya maziwa mazito mpaka inaacha utando mdomoni. Jana ilikuwa chai ya rangi. Aliniwekea sukari mwenyewe kama kawaida na hakuniuliza lolote, na heri angenimwagia usoni.

Nasieku alitoka na katuni mkononi. Sijui aliipata wapi. Aliifungua ukurasa wa sita akanionyesha kama vile mimi sijawahi kuiona.

"Umempatia," akasema. "Hata mkia umekaa upande."

Nilitazama ule mkia.

"Siku ile mahindi yanaliwa, hawa walikuwa josho. Kaka zangu waliwapeleka kuoshwa dawa ya kupe, walitoka alfajiri, wakarudi jua linazama. Hata daftari la josho limeandikwa. Baba aliwaambia. Wakamjibu mtoto wa Maalim ameshaona."

Akaikunja katuni.

"Mwajabu, wewe uliona nini?"

Nilifungua mdomo. Nawaambia ninyi msionijua, nilifungua mdomo na pumzi ikatoka peke yake. Nikatikisa kichwa. Nasieku akasema, "Mimi nakuelewa ukitikisa kichwa. Wao je?"

Wale ng'ombe watano wapo uani kwa mwenyekiti wa kijiji. Kesho Jumamosi asubuhi wanapelekwa mnadani kuuzwa ili Mzee Semkuya alipwe mahindi yake. Wakishauzwa hawarudi, wanapakiwa kwenye malori siku hiyo hiyo.

Leo nilimsubiri baba atoke msikitini. Alikuwa anavua kofia. Nikasema yote, nikitazama kidole chake cha mguu. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani: sikuona ng'ombe wowote shambani, alama niliiweka ili mchoro upendeze, nilidhani unaniuliza habari za mchoro.

Alikaa kwenye mkeka. Alikunja kofia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa nini hukusema kwenye simu?"

"Hukuniuliza, baba."

"Mimi nilisimama, Mwajabu. Nilisimama nikasema."

Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Ingekuwa afadhali. Alisema Mzee Semkuya ana wajukuu sita na mahindi hana. Alisema wale vijana walioshika marungu watasema Maalim aliwatuma kwa uongo. Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayehesabu vitu vilivyobaki baada ya nyumba kuungua. Halafu akasema kitu ambacho nimekirudia kichwani mchana wote.

"Kesho ukienda mnadani kuwaambia, sitakuzuia. Lakini kwenda na wewe siwezi."

Akachukua jembe akaenda shamba, Ijumaa, siku ambayo huwa halimi.

Mwanzoni nilifikiri nichore. Nichore kitabu cha pili, ng'ombe wakiwa josho, alama ikionekana vizuri, nikibandike kwenye mti pale mnadani. Nilianza kabisa, nikachora boksi la kwanza. Nikajiona natafuta tena mahali pa kujificha. Mchoro ndio uliotufikisha hapa, kila mtu aliusoma alivyotaka. Nimeuchana.

Binti Mkesha angebeba ng'ombe wote watano kichwani na kuwarudisha bomani, na kijiji kingeshangilia, na mkono wa baba Nasieku ungekuwa mzima ukurasa unaofuata. Nguvu zake ziliisha juzi. Nilimwekea siku moja tu kwa mwaka, nilidhani inatosha.

Kwa hiyo nimetunga sentensi moja: Mimi Mwajabu, sikuona ng'ombe hawa shambani kwa Mzee Semkuya, wala ng'ombe wengine.

Nimeisema hapa nyuma ya jiko. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili ilitoka mpaka kwenye jina langu. Mara ya tatu kuku waliinua vichwa. Mara ya nne nimeisema yote kwa sauti, na ndani mama akaacha kutwanga. Sikumsikia akija wala akiuliza naongea na nani. Kinu kilinyamaza tu muda mrefu, halafu akaanza tena, polepole kuliko mwanzo.

Mkono wa mtu hautapona kwa sentensi. Hilo nalijua. Mzee Semkuya atabaki bila mahindi, na baba sijui atabaki na nini. Nasieku sidhani kama atakaa na mimi dawati lolote tena.

Mnadani kuna kelele, malori, watu wengi, na wengi wao watakuwa wamenishangilia wiki hii. Ng'ombe wataswagwa kuanzia saa moja asubuhi.

Viatu vyangu nimeshaviweka mlangoni.