Mlango Wako Uko Kitale

Baba Wafula, kwani kufa ndio kuacha kazi ya kuchunga boma? Mlango wa nyumba yako umebebwa mchana kweupe, na wewe umelala hapo chini ya migomba, kimya. Aibu!

Usitafute mwizi. Ni Nekesa, mjukuu wako wa Kitale, na mimi ndio nilimpa. Shuleni kwao wanafanya mchezo wa kuigiza. Akaja hapa Sirisia, ati, "Kukhu, bibi yangu, tunajenga nyumba ya babu." Nikamuuliza, babu si amekufa, nyumba ya nini? Akacheka tu. Tangu Wafula abomoe ile ya udongo ajenge hii ya matofali, mlango wako ndio ulikuwa unafunga banda la kuku. Nikasema, haya, beba.

Jana nikaenda kuona. Hao watoto! Wameshona magunia wakayapigilia kwa mbao, huyu anapaka udongo, yule anachora nyasi za paa, wengine wanamtukana: "Wewe, hizo si nyasi, hizo ni chapati umekata!" Katikati wamesimamisha mlango wako. Na lile gunzi uliloziba nalo tundu, bado liko. Nililalamika miaka yote, na wewe ni hivyo hivyo tu: "Wacha gunzi yangu."

Sijui nini kilinishika. Nikabisha. "Hodi!"

Mtoto mmoja huko nyuma akafanya sauti nzito: "Ingia, mama. Mbona soko limekuweka?"

Baba Wafula, hayo ni maneno yako. Ni Nekesa aliwafundisha? Ama ni nani? Nikafungua haraka, na miguu yangu hii. Hakuna kitu. Ndoo ya rangi, na kijana ameshikilia ubao usianguke.

Nekesa anasema nilicheka. Mwalimu wao anasema nililia. Mimi sijui. Nilitaka kung'oa mlango wangu niende nao, halafu nikaona msichana anaufuta vumbi kwa sweta yake mwenyewe, polepole. Nikauacha. Nilifanya vizuri?

Haya, lala. Mchezo ukiisha nitaufuata huo mlango mwenyewe, niufunge jikoni kwangu, na gunzi lake. Hilo nimesema.

Lakini ukiuona huko Kitale na taa zote zile za mchezo, usiingie. Ile nyumba haina ndani. Baki hapa uchunge kuku, banda halina mlango.